Sura ya 6: Betri Mbili, Boti Moja

“Nina betri mbili za volti 12. Nikiziunga pamoja, napata nguvu zaidi au muda zaidi?”

Swali hili huulizwa na mwenye boti, mwenye sola, mwenye muziki wa kukodisha na mwenye lori. Jibu lake ni jepesi na tutalifikia. Ila kwa mwenye boti swali linakuja kabla ya zamu yake. La kwanza kuuliza ni hili: betri hizo zitachajiwa wapi, kwa chaja gani, na kwa saa ngapi? Wengi hununua mota kwanza, halafu betri, halafu waya kwa hela iliyobaki, na chaja wanaazima kwa jirani. Ningewashauri waigeuze orodha hiyo. Mota yenyewe huharibika mara chache. Kinachowarudisha watu kwa kasia ni waya mwembamba na betri ambayo haikuwahi kujaa.

Tuseme boti ni ya faiba, urefu mita 6, mtumba wa Marekani. Mwenyewe anakaa Maganzo, pale barabarani jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na boti ameiweka Nkome, mwalo wa Geita, ng’ambo ya daraja la Kigongo–Busisi. Imekuja na mota ndogo ya umeme mbele, betri mbili zilizokufa nyuma, na katikati nyaya za rangi mbalimbali ambazo aliyezifunga hayupo wa kuulizwa.

## Mota yenyewe ni ya nini?

Ilibuniwa kwa ajili ya wavuvi wa ndoana. Boti inatembea polepole na kimya huku chambo kikiburutwa nyuma, au inajishikilia mahali pamoja upepo ukiisukuma. Jina linalojulikana zaidi kwenye biashara hii ni Minn Kota. Mwanzilishi wake, O. G. Schmidt wa Marekani, mwaka 1934 alichukua stata ya gari la Ford Model A, akaifungia fimbo na propela. Asili hiyo ya stata inaeleza tabia ya mota hizi mpaka leo: volti chache, ampea nyingi.

Tuyaweke sawa maneno hayo mawili. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani kasi ya kazi inayofanyika. Mota ya volti 12 ikivuta ampea 50 kwa mwendo wa mwisho, inatumia wati 600. Nguvu ya farasi moja ni wati 746, kwa hiyo hapa hatujafika hata farasi mmoja, wakati mashine ya petroli ya kawaida mwaloni ni ya farasi 15 au zaidi.

Hapo ndipo pa kuamua boti itafanya kazi gani. Mota ya namna hii inafaa bwawani, inafaa kwenye ghuba iliyotulia, inafaa kumtafuta sangara kwa ndoana kama wafanyavyo watalii Rubondo, kisiwa ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuvukia kwenda visiwani, hapana. Ziwa Victoria likichafuka halikupi nafasi ya kujadiliana, na wati 600 hazikurudishi ufukweni. Petroli, kasia na jaketi la kuokolea vibaki ndani ya boti. Umeme uwe msaidizi.

## Anza na chaja

Geuza chaja iliyokuja na boti usome kibandiko chake. Boti nyingi za Marekani zina chaja iliyofungwa humo humo ndani, na umeme wa kule ni wa volti 120. Wetu ni 230. Kama kibandiko kinasema 100–240, badilisha plagi tu. Kama kinasema 120 peke yake, ukiichomeka kwenye soketi ya TANESCO itatoa moshi na hutakuwa na la kufanya.

Kuna mtego mwingine kwenye chaja hiyo hiyo. Kwa Wamarekani, waya mweusi wa umeme wa nyumbani ndio wenye moto, na mweupe ni nyutro. Kwetu, kwenye nyumba za zamani zilizofuata utaratibu wa Waingereza, mwekundu ndio uliokuwa na moto na mweusi ulikuwa nyutro. Nyumba mpya zina kahawia na buluu. Na upande wa betri, mweusi ni hasi. Kwa hiyo ndani ya boti moja waya mweusi waweza kuwa hasi ya betri isiyokurusha, au ukawa moto wa kuua mtu, kutegemea umeushika upande gani wa chaja. Fundi anayesema “nyeusi ni nyeusi tu” asiguse boti hii.

Chaja nzuri hufanya kazi kwa hatua. Mwanzo inasukuma ampea zake zote. Betri inapokaribia kujaa, chaja inashikilia volti 14.4 hivi na kuacha ampea zishuke taratibu. Mwisho inateremka mpaka volti 13.5 au 13.8 na kubaki hapo, ikiitunza betri bila kuipika. Yale machaja makubwa ya vibandani hayana hatua hizi: yanasukuma tu mpaka mtu aje kuyazima. Wengi wanaamini betri inayochemka ndiyo iliyojaa. Kuchemka ni maji yanayovunjika kuwa gesi, na gesi mojawapo ni haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Usichajie betri za maji chini ya sitaha iliyofungwa, wala usiwashe karabai karibu nayo.

Ukubwa wa chaja? Betri hupimwa kwa ampea-saa, yaani ampea mara saa inazoweza kutoa. Betri ya ampea-saa 100 inapendezwa na chaja ya ampea 10 mpaka 20. Ukiwa umetumia nusu yake, chaja ya ampea 10 itaijaza kwa saa 7 au 8: tano za kusukuma, na zilizobaki za ule mwisho wa taratibu ambao watu huukatiza kwa haraka ya kuondoka. Ukiukatiza kila mara, ndani ya betri hujengeka ukoko mgumu kwenye sahani za risasi, na siku zinavyokwenda inashika kidogo zaidi na zaidi.

Mwenye boti wa Maganzo ana umeme nyumbani, lakini betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 27 hadi 30, na ni mbili. Kuzibeba kila safari mpaka Nkome ni adhabu. Afadhali azichajie mwaloni usiku kucha mahali penye umeme wa uhakika, au afunge sola. Paneli ya wati 100 kwa jua la Kanda ya Ziwa itampa wati-saa 400 hivi kwa siku nzuri. Nusu ya betri moja ni wati-saa 600. Piga hesabu mwenyewe: paneli moja ni siku moja na nusu kwa betri moja. Anayetoka mwisho wa wiki tu, inamtosha. Anayetoka kila siku atafute paneli nne na nafasi ya kuziweka.

Wazo la kuchajia nchi kavu si geni ziwani. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo Mbita, upande wa Kenya, ambako wavuvi wa usiku walichukua taa za betri zilizojaa badala ya karabai na kuzirudisha asubuhi. Miaka ya karibuni, huko huko Kenya, kampuni ya ASOBO imewapa wavuvi injini za umeme kwa mpango wa kukodi, kubwa kuliko mota tunayoizungumzia. Katika yote mawili mvuvi hakuachiwa kazi ya kuchaji. Nadhani hapo ndipo penye akili ya mipango hiyo.

## Betri ya kuwashia si betri ya safari

Betri ya gari imetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, stata izunguke, kisha ijazwe na altaneta mara moja. Sahani zake ni nyembamba na nyingi. Ukiitumia kuendesha mota kwa saa nzima mpaka ikauke, utaiua baada ya safari chache. Unayoitaka ni ya sahani nene, ile ambayo madukani Kahama na Mwanza huitwa betri ya sola. Hata hiyo, usishuke chini ya nusu.

Utaijuaje nusu? Kwa mita ya kupima volti, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaja wala mzigo:

- volti 12.7: imejaa
- volti 12.2: nusu
- volti 11.9 kushuka chini: imekwisha, na kila saa inayokaa hivyo inazidi kuharibika

Kuhusu maji. Dukani kuna chupa mbili watu huzichanganya: tindikali, ambayo mtaani ni maji makali, na maji yaliyosafishwa. Betri inayotumika hupoteza maji, tindikali inabaki. Kwa hiyo unaongeza maji yaliyosafishwa tu. Anayeongeza maji makali kila inapopungua anaizidishia ukali mpaka sahani zinaliwa. Maji ya ziwani hapana, na ya kisima cha Shinyanga, yenye madini tele pamoja na floraidi yake inayofahamika, hapana kabisa.

## Sasa lile swali: nguvu au muda?

Kuna namna mbili za kuunga. Sambamba ni chanya kwa chanya na hasi kwa hasi: volti zinabaki 12, ampea-saa zinajumlishwa, 100 na 100 zinakuwa 200. Mfuatano ni chanya ya hii kwa hasi ya ile: volti zinakuwa 24, ampea-saa zinabaki 100. Mkulima wa Kisukuma mwenye ng’ombe wawili anaweza kuwafunga nira moja au kuwatumia kwa kupokezana. Nyasi walizokula jana ni zile zile. Zidisha uone: 12 mara 200 ni wati-saa 2,400, na 24 mara 100 ni 2,400. Hakuna cha bure.

Kinachoamua ni mota. Kama imeandikwa 12, betri zako ni sambamba, na kuipa 24 ni kuiunguza. Kama imeandikwa 24, ni mfuatano. Maganzo huhitaji kwenda mbali kuona mfuatano: simamisha lori lolote la barabara ya Mwanza, chungulia kwenye sanduku la betri, utakuta mbili za volti 12 zimeungwa kupata 24. Na ukimwuliza dereva ni ipi hufa mapema, mara nyingi atakuonyesha ile iliyotolewa waya wa redio. Redio ni ya volti 12, fundi amechukua umeme kutoka betri moja tu, hiyo moja inashuka kila siku kuliko mwenzake, na altaneta inazijaza zote kana kwamba ziko sawa. Kwenye boti kosa ni lile lile: taa au kipima kina kikining’inizwa kwenye betri moja ya jozi ya 24. Vipe betri yao ndogo pembeni.

Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye betri mpya na kuukuu, wala za ukubwa tofauti, kama N70 na N100. Kwenye mfuatano dhaifu anakauka kwanza huku mwenzake akiendelea kumsukumia umeme. Kwenye sambamba mzima anamtilia mgonjwa usiku kucha, asubuhi wote wamechoka. Na ukiunga sambamba, chanya ya kwenda motani itoke betri ya kwanza na hasi itoke ya pili, ili kazi igawanyike sawa.

Kuchaji jozi ya mfuatano kunahitaji uangalifu wake. Ama unatumia chaja moja ya volti 24, ama chaja ya matokeo mawili yaliyotengwa, kila pea ya nyaya ikienda betri yake. Neno “yaliyotengwa” lina maana kwamba hasi za pea hizo mbili hazijaungwa ndani ya chaja. Zikiwa zimeungwa, ule waya mfupi unaounganisha betri zako utakuwa umefunga njia ya mkato, na utaona moto kabla ya kuona kosa.

## Waya: mahali pesa isiyoonekana inapotea

Mota iko mbele, betri ziko nyuma, boti ni mita 6. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 12. Mafundi wa nyumba watakuletea waya wa milimita 4 (za mraba), kwa kuwa kwao huo ni mnene. Kwa ampea 50, waya huo wa shaba unapoteza volti 2.6 njiani. Betri ina 12.5, motani zinafika chini ya 10, na wati 130 zinageuka joto ndani ya waya. Mwenye boti atasema betri ni mbovu, atanunua nyingine, na hali itakuwa ile ile.

Kwa waya wa milimita 16 hasara inashuka hadi volti 0.66; kwa 25 inakuwa 0.42. Kama mota ingekuwa ya 24 kwa wati zile zile, ampea zingekuwa 25 tu, na waya wa 16 ungepoteza theluthi moja ya volti. Ndiyo sababu mota kubwa huwa za 24 au 36.

Halafu kuna waya wa uongo: alumini iliyopakwa shaba juu. Umejaa sokoni, hasa zile nyaya za kustulia magari. Chomoa kiuzi kimoja, kikwangue kwa wembe chini ya jua. Shaba inabaki nyekundu mpaka ndani. Ya uongo inageuka nyeupe kwa mkwaruzo wa kwanza. Pia pima kwa mkono: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, na rola nene iliyo nyepesi imeshajieleza.

Kwenye boti ya mtumba, ng’oa nyaya zote za zamani. Najua inauma, hasa ukiziona nene na zinang’aa kwa nje. Chuna plastiki sentimita 5 kutoka kwenye kichwa: ukikuta unga wa kijani au shaba nyeusi, kutu imeshatambaa ndani na haina pa kuishia. Boti iliyowahi kukaa baharini ndiyo mbaya zaidi. Viungo visokotwe na kuzungushiwa tepu? Kiungo kinachopoteza nusu volti kwa ampea 50 kinatoa wati 25 za joto kwenye eneo la ncha ya kidole, juu ya faiba inayoshika moto. Tumia lagi, vile vichwa vya shaba vya kubana, na vibanwe kwa kibanio chake, si kwa nyundo.

Mwisho, fyuzi au breka. Volti 12 hazikurushi, na ndiyo maana watu wanazidharau. Lakini betri hiyo ndogo ikishikanishwa chanya na hasi kwa spana inatoa ampea zaidi ya elfu moja, spana inakuwa nyekundu, na pete kidoleni inaweza kuunguza nyama mpaka mfupa. Vua pete na saa. Weka breka ya ampea 60 kwenye waya wa chanya, sentimita 20 kutoka kwenye betri au pungufu. Ikikaa kule mbele kwenye mota inailinda mota tu, na mita 6 za waya zinabaki bila mlinzi.

Kwa ufupi, mpangilio wa kununua:

1. Jua utachajia wapi na kwa saa ngapi.
2. Chaja ya hatua, ya volti zetu, inayolingana na betri.
3. Betri mbili za aina moja, za siku moja.
4. Waya wa shaba halisi wa milimita 16 au 25, lagi na breka.
5. Mota, kama huna tayari.

## Mita ndani ya boti

Boti ikiwa majini imefungwa kamba, mtu mmoja awashe mota mwendo wa mwisho. Mwingine aweke ncha moja ya mita kwenye kichwa cha chanya cha betri, ya pili kwenye mwisho wa waya ule ule, pale unapoingia motani. Kwa wanaoona ajabu kupima chanya kwa chanya: mita itaonyesha volti zinazopotea njiani, na ndizo unazozitafuta. Ikisoma 0.3, kazi ni nzuri. Ikisoma 1, kuna kiungo kibovu. Sogeza ncha hatua kwa hatua, kichwa cha betri, lagi, breka, lagi, mpaka namba iruke. Rudia upande wa hasi, ambao mafundi wengi huusahau.

Baada ya hapo jaribu mwendo wa chini. Kwa ampea 50, nusu ya betri ya 100 haimalizi saa nzima, kwa kuwa betri ya risasi ikikamuliwa haraka hutoa pungufu ya ilichoandikwa. Kwa ampea 15 unapata saa tatu. Punguza mwendo kidogo tu na siku inarefuka.

Wenye uwezo huuliza kuhusu lithiamu. Ile ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 100, ina kilo 11 hadi 13, na unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuiumiza. Kwa mtu anayebeba betri kutoka Maganzo, uzito peke yake unaweza kuhalalisha bei. Ila inataka chaja yake. Chaja za risasi zenye hatua ya kupiga volti za juu ili kuvunja ukoko hazifai.

## Betri ikifa

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri kuukuu ni risasi, na risasi ina soko, kwa hiyo kishawishi cha kuipasua nyuma ya nyumba na kuiyeyusha kipo. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu ya risasi kwenye damu, watoto wakiwemo. Kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri yako iuze nzima, ikiwa na maji yake ndani, kwa duka linalopokea kuukuu na kukupunguzia bei ya mpya. Ukikutana na mnunuzi anayetaka umwage tindikali kwanza ili apime kilo za risasi tupu, mwache aende zake.